Kihamba kinaisha, ila sio kwa sababu ya kuzaana

Kila Desemba watu wakipanda Moshi kula Krismasi lazima mjadala wa vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba zetu mlimani Kilimanjaro, urudi, na wanaosema vimepitwa na wakati wanazidi. Wanasema wachaga tumezaana mpaka mlima umejaa, baba anagawia watoto wa kiume, nao wanagawa tena, mtu anabaki na robo eka, kwahiyo kugawa kupigwe marufuku watu washuke tambarare. Robo eka kweli hailishi familia, hapo siwabishii.

Ila hili la kuzaana linaniuma maana sensa ipo. 2012 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087, 2022 ukawa na 1,861,934, yani asilimia 13 na kidogo kwa miaka 10 yote, wakati nchi nzima imetoka milioni 44.9 mpaka 61.7, asilimia 37! Vijana walishashuka kitambo, wako Dar, wako Arusha, na miti ya vihambani bado inakatwa.

Njoo kihambani kwa baba mdogo wangu, Old Moshi. Juu miti ya kivuli, mringaringa na mruka, chini yake migomba, kisha kahawa, chini kabisa magimbi na maharage, ng'ombe wawili bandani wanakatiwa migomba na mbolea inarudi shambani. Mvua ikipiga pale udongo hauendi popote. Kwa jirani waligawana urithi, kila mmoja akaanza na nyumba, miringaringa ikapasuliwa mbao, kahawa ikang'olewa, masika maji yanashuka mekundu mpaka barabarani. Na nyumba zote nne zimefungwa mpaka Desemba, anayelala pale ni bibi na mjukuu wake basi.

Halafu nusu maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani, 2005 ukaingizwa hifadhi ya taifa. Wanaoulinda nawaelewa, maji ya mto Pangani mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu yanategemea msitu ule. Lakini mama akibanwa kule juu kuni atazitoa wapi kama sio kihambani, kwenye miti ile ile?

Zamani boma la baba lilikuwa la mtoto wa mwisho, wengine wanatafutiwa kwingine. Sisi tumekaa kikao mwaka huu, karibu wote tukakubaliana hivyo, kihamba kibaki kimoja chini ya mdogo wetu, tunaotoka mjini tujenge nyumba moja ya wote. Kaka mmoja bado hajakubali, anataka kipande chake.