Ufunguo binafsi: uwekewe nakala au la?

Kompyuta husaini nyaraka na kuficha data kwa jozi ya funguo, yaani namba mbili ndefu zinazoendana. Ule wa umma unagawiwa ovyo bila hasara. Ubishi uko kwa ule binafsi. Wapo wanaosema uzaliwe ndani ya chipu, kama ile ya kadi, na ufie humo humo, bila nakala. Wenzao wanauliza: chipu ikiungua je? Pande zote zina hoja, ila mara nyingi kila mmoja anazungumzia kazi tofauti.

Tuanze na kusaini. Programu husaga waraka kwa SHA-256, kanuni ya hesabu ya kufupisha data, na kupata alama ya biti 256, uwe wa ukurasa mmoja au elfu. Alama hiyo hupigiwa hesabu kwa ufunguo binafsi, na jibu lake ndilo saini. Mpokeaji husaga waraka upya na kuhakiki kwa ufunguo wa umma. Koma moja ikihama, saini inakataa. Sasa weka nakala ya ufunguo huo kwenye seva ya ofisi: msimamizi wa seva naye anaweza kusaini kwa jina lako, na wewe unaweza kukana ulichosaini kweli. Ukiupoteza, hasara ni ndogo. Unabatilisha cheti (hati ya kidijitali inayounganisha ufunguo wa umma na jina lako) na kutengeneza jozi mpya. Saini za zamani bado zinahakikiwa, mradi zina muhuri wa muda unaoaminika, yaani uthibitisho wa lini zilisainiwa.

Kwenye kusimba data, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo, mambo yanageuka. RSA, mbinu mojawapo ya jozi za funguo, ikiwa ya biti 2048 na yenye OAEP (njia ya kujazia ujumbe kabla ya kuusimba) na SHA-256, hubeba baiti 190 tu, kwa hiyo faili husimbwa kwa ufunguo wa AES, mbinu inayosimba na kufungua kwa ufunguo uleule, na huo ndio unaofungwa kwa ufunguo wa umma. Ufunguo binafsi ukipotea, faili limekwenda.

Estonia iliyaona yote mawili mwaka 2017. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Czech, walikuta kwamba programu ndani ya chipu za kampuni ya Infineon ilichagua namba tasa za kuundia funguo za RSA kwa mpangilio maalumu, kiasi kwamba ufunguo binafsi ungeweza kukokotolewa kutoka ule wa umma. Vyeti vya kadi za kitambulisho takriban 760,000 vilisimamishwa usiku wa 3 Novemba. Kwa saini, dawa ilikuwa kusasisha kadi ipate funguo mpya. Lakini waliokuwa wamesimba mafaili kwa kadi hizo walionywa wayafungue kwanza, kwa sababu funguo mpya zisingeyafungua.

Watetezi wa chipu walipata pigo hapo: ufunguo haukuwahi kutoka, na bado haukuwa salama. Wapinzani wao wasishangilie. Kati ya 2006 na 2008, OpenSSL ya Debian (programu ya kutengeneza funguo katika mfumo huo wa kompyuta), ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ilikuwa na kizalishi kibovu cha namba nasibu kiasi cha kutoa funguo takriban 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa.

Kwangu, jozi ziwe mbili. Ya kusaini isinakiliwe. Ya kufungulia data inakiliwe, tena kwa kugawanywa: mbinu ya mtaalamu wa usimbaji Adi Shamir ya 1979 huruhusu vipande vitano ambapo vitatu vyovyote vinatosha kuurudisha ufunguo.

Kanuni hii inakwama mahali pamoja, kwenye ufunguo mzizi wa mamlaka ya vyeti, yaani ufunguo mkuu wa taasisi inayotoa vyeti. Huo unasaini tu, lakini ukipotea, kila kifaa kinachouamini lazima kipewe mzizi mwingine, na vifaa vya zamani visivyosasishwa tena havitaupata. Ndiyo maana hunakiliwa, na nakala zake hufungiwa kwenye vifaa visivyounganishwa na mtandao.