Kikokotoo au majedwali: mtihani wa Hisabati kidato cha nne unapima nini?

Mwanafunzi wa kidato cha nne Tanzania anayesoma Fizikia huingia na kikokotoo kwenye mtihani wa somo hilo. Siku ya Hisabati hukiacha nje. Maelekezo kwenye karatasi ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yamekuwa hayohayo kwa miaka mingi: majedwali ya hisabati, yaani kitabu cha thamani zilizokokotolewa tayari, yanaruhusiwa, vikokotoo haviruhusiwi. Angekuwa Kenya, mambo yangekuwa mengine, kwa sababu KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, inaruhusu kikokotoo kisicho na programu wala mlio, pamoja na majedwali, ila pale swali lenyewe linapokataza. Na akifika kidato cha sita hapahapa Tanzania, anakipata tena kikokotoo kwenye Hisabati ya juu.

Walimu hawako upande mmoja katika hili, na kila upande una hoja nzito. Nianze na wanaotetea majedwali, maana siku hizi wanasikilizwa kidogo kuliko wanavyostahili.

Chukua kosaini ya digrii 60 na dakika 15 (digrii moja ya pembe ina dakika 60). Kitabu cha majedwali hakina dakika 15. Kina 12 na 18. Mwanafunzi anasoma ya dakika 12, anapata 0.4970, kisha anakwenda safu za pembeni kutafuta tofauti ya dakika 3, anakuta 8. Je, anajumlisha au anatoa? Akijumlisha anapata 0.4978, na amekosa. Jibu ni 0.4962, kwa sababu kosaini hupungua pembe inapokua kuelekea digrii 90. Anayetumia jedwali analazimika kulijua hilo. Anaona kwa macho yake safu nzima ya namba ikishuka kutoka 1 hadi 0, huku ya saini ikipanda. Grafu ya trigonometria anayokuja kuchorewa baadaye ameshaipitisha vidoleni.

Kikokotoo hakimpi hayo. Na kina hatari zake, ambazo watetezi wake huzitaja harakaharaka. Mnazi uko mita 20 kutoka aliposimama mpimaji, pembe ya mwinuko ni digrii 30. Urefu ni 20 mara tanjenti ya 30, yaani mita 11.55. Kikokotoo kikiwa kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, kitatoa hasi 128 na ushei. Hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa hakuna mnazi wenye urefu hasi na mwanafunzi yeyote aliye macho atashtuka. Tatizo ni mpangilio wa tatu, ule wa gradi, unaogawa pembe mraba mara 100 badala ya 90, ambao karibu hakuna anayefundishwa shuleni lakini umo ndani ya mashine. Hapo jibu linakuwa mita 10.19. Ni urefu wa kawaida kabisa wa mnazi. Hakuna kengele itakayolia, na mtoto atapigia mstari jibu lake kwa amani. Atakayeokoka ni yule tu anayekumbuka kwamba tanjenti ya 30 inazidi nusu kwa kiasi kinachoonekana, karibu 0.58, na kumbukumbu ya namna hiyo hujengwa na majedwali au na mazoezi ya pembe maalumu, haijengwi na kubonyeza.

Hoja hiyo naikubali yote. Ninapoachana na watetezi wa majedwali ni pale wanapodai kwamba marufuku ya mtihani ndiyo inayolinda ufahamu huo.

Tazama marufuku inavyofanya kwa maswali yenyewe. Mtunzi anajua mtahiniwa hana mashine na ana saa tatu kwa maswali kumi na manne. Kwa huruma, anachagua namba tamu: pembetatu ya 3, 4 na 5; pembe za 30, 45 na 60; kipeuo cha pili kinachotoka bila desimali. Mwalimu naye anafundisha kwa namba hizo, kwa kuwa ndizo zinazokuja. Miaka minne ikipita, kijana ameshazoea kwamba jibu lisilo zuri ni jibu baya. Akipewa pembetatu halisi, ya kiwanja cha baba yake kilichopimwa kwa futi kamba, anadhani amekosea kila anapopata 17.36.

Mtunzi asipotumia namba tamu, kazi ya mkono inameza swali. Kwenye mada ya dunia kama tufe, mwanafunzi hutafuta umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja. Tanga na Kigoma zinafaa: tukizikadiria kwa digrii nzima, zote ziko latitudo 5 kusini, Tanga longitudo 39 mashariki na Kigoma 30. Akili ya swali iko sehemu mbili. Kwanza, tofauti ya longitudo ni digrii 9. Pili, duara la latitudo 5 ni dogo kuliko ikweta, na urefu wake ni ule wa ikweta mara kosaini ya 5, ambayo ni 0.9962. Aliyeyaona hayo mawili amelielewa swali. Kinachobaki ni 2 mara 3.14 mara 6400 (nusu kipenyo cha dunia kwa kilometa) mara 0.9962 mara 9, gawanya kwa 360, ili apate kilometa 1,001 hivi. Kwa majedwali ya logi, yanayogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, au kwa mkono, hapo ndipo dakika zinapoishia, na hapo ndipo tarakimu moja iliyoteleza inapomwaibisha mtu aliyekwisha kuielewa jiografia na jiometria ya jambo zima.

Logi zilibuniwa kwa kazi hiyo hasa. John Napier alizichapisha mwaka 1614 ili kuwapunguzia wanafalaki mateso ya kuzidisha. Kikokotoo cha kwanza cha mkononi chenye saini na kosaini, HP-35, kilitoka mwaka 1972. Logi zina mambo mengi ya kufundisha hata leo, ila kuzidisha namba mbili si mojawapo tena.

Takwimu inaumia zaidi. Wanafunzi 40 wamepimwa uzito, katikati ya makundi ni kilo 52, 57, 62, 67 na 72, na idadi ni 3, 8, 14, 10 na 5. Tunawafundisha wastani wa kukisia: chagua 62, andika tofauti, zidisha kila moja kwa idadi yake, jumlisha upate 30, gawanya kwa 40, ongeza, unapata 62.75. Ni njia nzuri, na anayeielewa anajua kitu kuhusu wastani. Lakini njia hiyo ilizaliwa kukwepa mahesabu makubwa, nasi tumeifanya kuwa ndiyo mada. Swali lenye thamani, kwa mfano kwa nini wastani huo umezidi 62, au ungebadilikaje mmoja wa kilo 72 akiondoka, halipati nafasi. Kwa kikokotoo darasa lingeweza kuchukua mvua ya Dodoma ya miezi kumi na miwili jinsi ilivyo, na desimali zake, likabishana kuhusu wastani na wastani kati (namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa), lipi linamfaa mkulima.

Kuna mada ambazo mjadala huu hauzigusi. Mathibitisho ya duara hayahitaji mashine. Uwezekano nao vivyo hivyo: kutoa mipira miwili myekundu mfululizo, bila kurudisha, kwenye mfuko wenye mitatu myekundu na mitano ya bluu ni 3/28, na sehemu hiyo inaeleza hesabu vizuri kuliko 0.107142857. Ndiyo maana wanaoahidi kwamba kikokotoo kitapandisha ufaulu siwaamini. Tanzania kwa muda mrefu imefaulisha Hisabati takribani mmoja kati ya watahiniwa watano, na karibuni tumesogea kuelekea mmoja kati ya wanne. Kenya wana kikokotoo, na bado wastani wao wa kitaifa wa Hisabati uko chini sana ya nusu ya alama. Anayeshindwa kuona pembe ipi ni ya mwinuko hana cha kubonyeza.

Basi mgawanyo ndio ninaoutaka. Uingereza, mtihani wa Hisabati wa GCSE, wa wanafunzi wa miaka 16 hivi, una karatasi tatu. Moja haina kikokotoo, mbili zinacho. Kenya wanafanya jambo la karibu na hilo kwa kuandika kwenye baadhi ya maswali kwamba yajibiwe bila kikokotoo wala majedwali. Nasi tungeweza kuwa na sehemu ya kwanza isiyo na chochote mkononi, hata kitabu cha majedwali: kukadiria, pembe maalumu, mathibitisho, uwezekano. Hapo ufahamu ungepimwa vikali kuliko sasa. Sehemu ya pili iwe na kikokotoo na namba zenye ukali wa kweli. Majedwali yabaki kidato cha pili, trigonometria inapoanza, kwa kuwa hapo ndipo yanapofundisha.

Kizuizi ninachokiogopa ni gharama. Hoja kwamba vikokotoo vimo tayari kwenye Fizikia haitoshi, kwa sababu Fizikia kidato cha tatu na cha nne ni ya waliochagua, na Hisabati ni ya wote. Binti wa shule ya kata anayesoma masomo ya sanaa hajawahi kulazimika kukinunua. Darasani vikokotoo kumi vinaweza kuzunguka kwa wanafunzi hamsini. Chumba cha mtihani kinataka kimoja kwa kila mtu, siku moja, saa moja, nchi nzima. Tangu 2016 tumesema elimu hadi kidato cha nne haina ada. Kwa hiyo vikokotoo hivyo viwe mali ya shule, vinunuliwe na serikali kama vinavyonunuliwa vitabu, vigawiwe asubuhi ya mtihani na kukusanywa mchana. Ikiwa mzigo utaachiwa mzazi, mimi nitakuwa upande wa wale wanaotaka marufuku ibaki.