Toleo jipya la Wish You Were Here lina maana yake

Naona humu wengi mnasema hili toleo la miaka 50 la Wish You Were Here, albamu ya bendi ya rock ya Uingereza Pink Floyd, ni kutukamua hela tu, jamani, tafuteni kwanza lile la 2011 msikilize wimbo uliobeba jina la albamu, ule wenye violin ya Stéphane Grappelli. Mzee yule wa jazi alikuwa anarekodi mambo yake hapohapo studio za Abbey Road, London, wakamwomba apige, ila kwenye albamu ya 1975 wakamzamisha chini kabisa humsikii, na bendi wenyewe wakaja kuamini ule mkanda ulishafutwa. Miaka 36 baadaye tunaisikia hiyo violin inalia pembeni ya sauti ya David Gilmour, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, mi nilirudia mara kibao.

Hiyo miksi ya Atmos ya toleo jipya, ya sauti inayokuzunguka pande zote, siing'ang'anii sana. Lile gitaa la mwanzo wa wimbo wa Wish You Were Here walilifanya lisikike kama linatoka redioni, mtu anakohoa kabisa, halafu la pili linaingia limejaa, hapo pakisafishwa kupita kiasi mnaua wimbo. Mi nachotaka watutolee rekodi zaidi za kinanda cha Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi, peke yake, Shine On You Crazy Diamond, ule wimbo mrefu wa albamu hii, nzima imebebwa na huyu mtu na watu hawamtaji