Kumuua mama ili mtoto ajitafute

Hadithi za watoto wenye asili mbili zina mazoea yao: mzazi anayekufa ni yule aliyebeba upande wa mbali, yaani lugha isiyosemwa na majirani, majina ya ukoo, bibi wa ng'ambo. Misiba inakuwa miwili. Mtoto amefiwa, na papo hapo hajui tena yeye ni wa wapi.

Wanaotetea mtindo huu wana hoja nzito. Mwaka 1990 msomi wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba kitabu ni dirisha la kuwaona wengine na pia kioo cha kujiona. Mtoto wa namna hii naye anadai kioo chake. Tena hasara yenyewe ni ya kweli. Chukua simu ya Jumapili: bibi yuko upande wa pili, mjukuu ameshika simu, na mama aliyekuwa akiwatafsiria hayupo. Bibi anatamka neno, mtoto analirudia, kisha wanasikilizana pumzi.

Wapinzani wanasema kifo hapo kimegeuzwa nauli ya safari ya kutafuta mizizi. Mwishoni mtoto "anakamilika", kana kwamba tangu azaliwe alikuwa pungufu. (Lugha yetu nayo haisaidii, neno "chotara" wapo wanaolisikia kama tusi.) Huzuni nayo hupangwa ngazi kwa ngazi, ilhali hatua tano za huzuni za daktari Elisabeth Kübler-Ross, za mwaka 1969, zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokaribia kufa, si watoto waliofiwa. Watafiti wa saikolojia Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999, walieleza maombolezo kama kwenda na kurudi, mara kwenye uchungu, mara kwenye shughuli za maisha. Mtoto aliyelia makaburini asubuhi na jioni akagombania mpira hashangazi mtu aliyewahi kuishi na watoto.

Mimi niko na watetezi, ila mama asife ukurasa wa kwanza. Tumsikie kwanza akigomba kwa lugha mbili, akikosea methali za upande wa baba, na mtoto akimwonea aibu mbele ya rafiki zake. Aibu hiyo ndiyo itakayomrudia baadaye usiku, na hakuna safari ya kuifuta. Na ile simu isipate mkalimani wa ghafla sura ya mwisho. Bibi na mjukuu wabaki na maneno yao manne, moja wakilitamka vibaya.