Dakika 130

Kwa kuwa mpambe wa bwana harusi, rafiki yangu tangu utotoni, amekwisha kusambaza Arusha nzima kwamba niliichelewesha ndoa kwa "ramli ya kompyuta", naona afadhali mlisikie kutoka kwangu. Haikuwa ramli, ilikuwa butistrapu, mbinu ya takwimu ya kupima uhakika wa makadirio kwa kuchota upya data zilezile ulizonazo.

Kamati ilinikabidhi usafiri wa kwenda Moshi, kilomita 80 hivi, nami nilikuwa na kumbukumbu za safari 20 za kosta ileile, iliyochukua muda mrefu kuliko zote ikiwa ya dakika 130. Sikutaka wastani, maana wastani haumfikishi mtu kanisani. Nilitaka kwantili ya 95, yaani muda ambao safari 95 kati ya 100 huwa zimekwisha kufika. Nikaiagiza kompyuta ichote safari 20 kutoka katika zilezile 20, kila iliyochotwa ikirudishwa kapuni, na irudie zoezi hilo mara 10,000, kama alivyoonyesha mwanatakwimu Bradley Efron, mwasisi wa butistrapu, mwaka 1979, kisha nikatangaza kikaoni kwamba kwa uhakika wa asilimia 95 kwantili hiyo iko kati ya dakika 108 na 130. Nilipigiwa makofi. (Nyinyi mnaonitumia vikatuni tangu jana, mlikuwamo.) Misa ilikuwa saa 4:30 asubuhi, nami nikaamuru tuondoke saa 2:20 kamili.

Kikatiti tulikuta lori la mahindi limelala barabarani. Ilipofika dakika ya 128, hatukuwa tumeiona hata njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA. Shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa amepakata zawadi nyuma yangu, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, katika zile mia na thelathini zako, zimebaki ngapi?"

"Mbili, shangazi."

Dakika ya 129 bwana harusi alichomoa ua la kotini, akajifuta jasho, akalirudisha kichwa chini. Mpambe akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, kosta nzima ikaitikia kama mkesha wa mwaka mpya, na ilipotimia 130 mimi, badala ya kunyamaza, nikafungua kompyuta nimwonyeshe bwana harusi grafu. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kaka, mbona nguzo zote zinakomea hapa kwenye 130?"

Anauza vipuri vya pikipiki, na aliliona kwa sekunde kumi. Hata ningechota mara milioni, kapu lisingetoa safari ndefu kuliko ile ndefu iliyomo.

Tulifika saa 5:15, padri akafungisha ndoa, pilau likaliwa. Nikiwa nimejificha nyuma ya spika, nilikokotoa juu ya kadi ya mchango: uwezekano wa safari zote 20 kuwa chini ya kwantili ya kweli ni 0.95 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 20, karibu asilimia 36, kwa hiyo hata ile ndefu kuliko zote ilikuwa na asilimia 64 tu za kuifikia. Niliiuzia kamati 95 wakati mzigo haukuzidi 64! Ningehitaji angalau safari 59 ndipo iliyo ndefu kuliko zote istahili kuitwa mpaka wa juu kwa uhakika ule. Efron hana kosa. Ningeulizwa safari ya katikati, kapu lilelile lingenisitiri vizuri zaidi.

Kikao cha kuvunja kamati ni Jumamosi. Nimetozwa faini ya kreti mbili za soda, na mpambe ameandika kwenye taarifa kwamba hizo ni mpaka wa chini.