Ukuta Wote Umekuwa Madirisha

Mimi nakaa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Nasema hivyo mapema ili nikianza kulalamika mjue nalalamikia wapi, msije mkadhani ninasema watu wa mjini kati, wale wenye mageti ya umeme na mbwa aliyesoma.

Zamani kwetu lupango, yaani kiwanja cha nyumba, ilikuwa na ukuta. Ukuta ulikuwa na mlango mmoja, na mlango ukifungwa jirani anajua umelala. Siku hizi kila mtu ametoboa ukuta wake upande wa avenyu. Unatoa matofali sita, unaweka ubao chini na nondo juu, tayari una duka. Ukipita asubuhi unaona nyuso zimejipanga ukutani kama picha za pasipoti, na macho yote hayakuangalii usoni, yanakuangalia mfukoni.

Basi mimi siwezi tena kumsalimu mtu bure. Nikisema, "Yambo, Mama Odette," ananijibu, "Yambo, baba, makala imefika." Makala, yaani makaa ya kupikia, sikuiulizia! Nimemuulizia hali yake. Lakini ukishasimama umesimama, na mtu mzima hawezi kuondoka hivi hivi mbele ya gunia lililofunguliwa. Nyumbani nina makala ya miezi miwili. Mke wangu anafikiri nataka kufungua kiwanda cha chuma.

Papa Junior tumekua naye. Tumeiba maembe pamoja, tumepigwa fimbo na mwalimu mmoja, siku moja, kwa kosa moja, ambalo lilikuwa lake. Sasa ana mwavuli mkubwa, meza, yunite za simu, na anabadilisha dola. Mama mkwe wake alipofariki nilikwenda kwenye kilio kama jirani na kama ndugu. Nikaketi, nikainamisha kichwa, halafu nikampa mkononi dola tano, imekunjwa vizuri, kama inavyotakiwa. Papa Junior alikuwa analia. Akaikunjua ile noti, huku analia, akainyanyua juu kwenye jua, akafunga jicho moja.

"Yaya," akaniambia, kama anavyoitwa kaka mkubwa, "iko na katundu."

Kwenye kilio! Marehemu bado yuko ndani! Nikamwambia, ndugu yangu, hii si biashara, ni pole. Akasema pole ameipokea, ila noti yenye kitundu haiwezi kutoka, hakuna atakayeipokea. Akanirudishia. Basi nimetoa rambirambi na nimerudi nayo nyumbani. Tangu siku hiyo dola tano ile ninatembea nayo kama kitambulisho.

Nikajaribu kuipeleka kwenye unga. Hapa unga ndio siasa ya kweli, hiyo nyingine ni ya redio. Bukari yetu, yaani ugali, ni ya mahindi, na mahindi mengi yanatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wazambia wakikohoa, sisi tunalala na njaa. Lakini wauzaji wa avenyu yetu wana adabu: mpaka huo ukigoma hawapandishi bei ghafla, wanaongea na meka, yaani kopo la kupimia. Meka ni ile ile, bati ni lile lile, ila kitako kimegongwa kwa nyundo mpaka kimepanda ndani. Ukiiona kwa nje unasema imejaa. Ukiimwaga nyumbani, unga unafika nusu ya sufuria na unaanza kuomba radhi. Nikamuuliza mama wa dirisha la tatu kwa nini meka yake imebonyea. Akasema ilianguka. Nimechunguza, meka zote za avenyu yetu zimeanguka, na zote zimeangukia makalio.

Dola tano akaikataa pia. Alisema hata yeye macho yake yanaona.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Nchi yetu sasa ni ya pili duniani kwa kutoa shaba. Malori yanapita usiku na mchana, yamejaa, barabara inatetemeka, vikombe vinacheza kabatini. Shaba hiyo inakwenda mbali, inakuwa nyaya, nyaya zinabeba umeme, na watu wa huko wanawasha taa hata chooni wasipokuwamo. Mimi niliyekaa juu ya shaba yenyewe natafuta kiberiti. Nikikosa kiberiti naenda dirisha la tano, nauziwa njiti sita zimefungwa kwenye plastiki. Ndiyo, hesabu ya kadogo: sukari ya chai mbili, mafuta ya sufuria moja, kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi. Umaskini wetu umekatwakatwa vizuri ili kila mtu apate wake.

Umeme kwetu unakuja, nisiseme uongo. Unakuja saa nane usiku, kama mwizi, na unaondoka kabla jogoo hajakamilisha sentensi. Basi biashara zote zenye waya zimehamia saa nane. Mwenye kuchomea vyuma anachomea saa nane. Mashine ya kusaga inasaga saa nane. Na juma lililopita, nimelala usingizi wa mtu mwenye haki, nikasikia ngo ngo ngo. Nikajua tumekwisha. Kumbe ni katoto ka miaka tisa: "Baba, kinyozi anasema njo zamu yako."

Nilikuwa nimeweka jina siku tatu kabla. Nikaenda na pijama. Nikadhani nitakuwa peke yangu, nikamkuta shefu wa avenyu na kitenge kiunoni, shemasi wa kanisa, mwalimu mmoja wa hesabu, na bwana harusi wa Jumamosi, wote wamejipanga kwenye benchi, wanapiga miayo kwa heshima. Ukitaka kuwajua wakubwa wa mtaa wetu usiende kwenye mkutano, nenda kwa kinyozi saa nane na nusu usiku.

Tatizo ni kwamba kinyozi ni mtu wa Mazembe, na mimi ni Lupopo toka tumboni. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka 1939. Moja imechukua ubingwa wa Afrika mara tano, nyingine imechukua afya yangu. Kinyozi anajua. Anangoja mpaka wembe umefika shingoni, hapo ndipo anauliza, "Baba, unakumbuka 2010? Timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya vilabu, njo sisi." Nilitaka kumwambia, na Inter iliwafunga mangapi siku hiyo? Tatu! Kwa bure! Lakini wembe haujui utani wa soka. Nikasema, "Mulicheza muzuri, mutoto wangu." Shefu wa avenyu, Lupopo mwenzangu, akaangalia sakafu.

Kulipa, nikatoa dola tano yangu. Akainyanyua kwenye balbu. Umeme ukakatika, na nikashukuru Mungu, nikajua sasa haoni. Akawasha simu yake.

"Baba. Iko na katundu."

Sitaongea sana kuhusu nganda, yaani baa, na kanisa la uamsho, maana wamenizunguka, mmoja kushoto mmoja kulia, na wote wananijua. Niseme tu kwamba bafle, yaani spika, za pande zote mbili zinatumia jenereta moja na wanachangia mafuta. Michopo, nyama ya kuchoma, ikichomwa kulia, moshi unakwenda kushoto, na usiku wa mkesha nimewahi kusikia ombi la mfungo likikatika katikati, mtu akimeza mate kwenye mikrofoni.

Maji ninayanunua kwa bidoni, yaani dumu, kwenye kisima cha mwenye pampu. Alikuwa rafiki. Sasa ni bidoni.

Basi nikachoka. Nikamwambia mke wangu nakwenda Likasi kwa kaka yangu siku mbili, nikapumzike mahali ambapo mtu akiniita jina langu hataki kitu. Dereva naye alikataa dola tano, nikalipa kwa franka nilizokuwa nimezificha kwenye soksi. Huko Likasi nililala, nikala, hakuna aliyeniuzia chochote isipokuwa kaka yangu, aliyetaka kuniuzia baiskeli.

Jumapili nikarudi. Nikatembea avenyu yote kichwa chini, sikusalimu mtu, nikafika kwangu na mfuko wangu mzima. Nikainua kichwa.

Ukuta wangu ulikuwa na tundu. Matofali sita yametolewa, ubao chini, nondo juu. Ndani yake, uso wa mke wangu, mama wa watoto wangu, umekaa sawasawa kama picha ya pasipoti.

"Karibu, baba," akasema. "Unatafuta nini?"

"Natafuta kuingia nyumbani!"

"Pita kule kwa mulango. Hapa unazibia bakiriya."

Nyuma yangu palikuwa na mteja, mtoto mmoja, ameshika franka zake, ananitazama kama mimi ndiye foleni. Nikazunguka, nikaingia. Nina kiu ya safari, nikafungua friji yangu, niliyoinunua mimi. Imejaa vifuko vya maji na barafu. Nikachukua kifuko kimoja, nikakiuma kwenye pembe, nikanywa chote. Kutoka dirishani, bila hata kugeuka, akasema:

"Mia tano."

"Mama Kalenga, ni mimi."

"Najua ni wewe. Uko hata mu kaye."

Akanionyesha daftari. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, jina langu limeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, aliofundishwa na masista: mayai mawili, asubuhi ya safari. Chini yake amepiga mstari kwa rula.

Nikaangalia mfukoni. Franka zimekwisha njiani. Ilikuwa imebaki moja tu, imekunjwa vizuri. Nikampa mkononi, kama inavyotakiwa.

Mke wangu akaikunjua, akatoa mkono nje ya nondo, akainyanyua juu kwenye jua, akafunga jicho moja.