Lami haiogopi bodaboda

Kila mara barabara ya Moshi–Arusha ikianza kuchimbika, lawama ya kwanza ni kwamba magari yamezidi. Sikubaliani nayo sana. Noah na bodaboda zinatuchelewesha, ni kweli, ila lami hata haizihisi. Kinachoila ni uzito wa kila ekseli, ule mhimili unaoshika matairi ya pande mbili, na hesabu yake ni kali. Majaribio ya Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara yanapanda takriban mara 16. Chukua ekseli ya matairi manne, ambayo sheria ya Afrika Mashariki inairuhusu tani 10. Ibebeshe 12 tu, tayari inaumiza barabara maradufu. Ndiyo maana kwangu mizani ya kupimia malori pale Himo inailinda barabara hii kuliko tochi zote za trafiki.

Tazama semi-trela ikipanda kutoka daraja la Kikavu jua la saa nane. Inatambaa kwa gia nzito, na kadiri inavyokwenda polepole ndivyo uzito unavyokaa juu ya lami iliyokwisha kulainishwa na joto. Sehemu kama hizo ndipo huzaliwa ile mifereji ya matairi inayokuvuta usukani ukitaka kuovateki, na mvua ikinyesha inajaa maji.

Lakini hata malori yote yakitii mizani, umri unabaki. Lami huzeeka hata pasipopita gari: jua na hewa vinaikausha, inakuwa ngumu, inakatika badala ya kunesa. Nyufa nyembamba zinajitokeza, maji ya masika yanapenya mpaka kwenye kokoto za chini, msingi unalegea. Hapo lori lenye uzito halali kabisa, ambalo barabara ikiwa mpya lilipita bila neno, linamalizia kazi. Lami inakatika vipande kama ngozi ya mamba, halafu shimo.

Na sisi tunalisubiri hilo shimo. Kiraka kinashindiliwa, kinabaki na nundu, masika yajayo kinafumuka pembeni. Kuziba nyufa na kuweka tabaka jembamba barabara ingali nzima ni nafuu mno kuliko kufumua na kujenga upya, ila hakuna anayekata utepe kwenye ufa uliozibwa. Pesa tunayokatwa kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya Mfuko wa Barabara, mimi ningetaka ianzie kwenye lami ambayo bado hakuna abiria anayeilalamikia.